Mtoto njiti: Kutoka wodini si mwisho wa safari

Karibu kila mtaa una mtu anayesema hivi: mtoto wa miezi saba hupona, wa miezi nane haponi. Husemwa kwa uhakika, mara nyingi na mtu mzima anayeheshimika, na wakati mwingine husemwa mbele ya mama ambaye mwanawe yuko wodini muda huohuo. Imani hii ni kongwe. Waganga wa Ugiriki ya kale waliiandika zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, na mpaka leo si kweli.

Ukweli ni huu: kila wiki anayoongeza mtoto akiwa tumboni inamwongezea nguvu. Aliyezaliwa wiki ya 34 ana nafasi nzuri kuliko wa wiki ya 30, na wa wiki ya 30 ana nafasi nzuri kuliko wa wiki ya 26. Hakuna mwezi wenye nuksi.

Maneno haya yana madhara. Mama aliyeambiwa kuwa mtoto wa miezi nane hakai, hukata tamaa mapema. Aliyeambiwa kuwa wa miezi saba hupona tu, hujiona ameshavuka mara anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Wote wawili wanaamini kwamba kalenda imeshaamua. Leo tuzungumzie sehemu ambayo kalenda haiamui, yaani yale yanayofanyika nyumbani baada ya mtoto njiti kutoka hospitali.

Njiti ni nani?

Mimba huhesabiwa kuwa ya wiki 40. Mtoto anayezaliwa kabla ya kutimiza wiki 37 ndiye njiti. Madaktari wanawaweka katika makundi matatu: waliozaliwa kabla ya wiki 28, wa kati ya wiki 28 na 32, na wa kati ya wiki 32 na 37. Walio wengi wako kundi hili la mwisho.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani, karibu mmoja katika kila watoto kumi. Kwa hiyo mama, hujalogwa wala huna mkosi. Sababu zinazojulikana ni pamoja na shinikizo la damu la ujauzito, maambukizi ya njia ya mkojo, malaria, mimba ya mapacha na chupa kupasuka kabla ya wakati. Na wapo akina mama waliofuata kila walichoambiwa kliniki na bado uchungu ukawaanza mapema.

Mtoto huyu amekuja kabla viungo vyake havijamaliza kazi ya kukua. Mapafu hayajawa tayari kutanuka vizuri. Ubongo unaweza kusahau kuamuru pumzi inayofuata. Ngozi ni nyembamba na haina mafuta ya kutunza joto. Ini huchelewa kuondoa umanjano, utumbo huchoka upesi, na kinga ya mwili ni ndogo. Ndiyo maana hatari za kwanza huwa ni kushindwa kupumua, baridi, sukari kushuka, manjano na maambukizi.

Tulikotoka

Agosti 1963, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipata mtoto wa kiume, Patrick, aliyezaliwa wiki tano na nusu kabla ya wakati akiwa na uzito wa karibu kilo 2.1. Pamoja na uwezo wote wa baba yake, mtoto huyo alifariki baada ya saa 39 kwa sababu mapafu yake hayakuwa yamekomaa. Leo mtoto wa wiki zile na uzito ule akizaliwa penye vifaa na wauguzi waliofunzwa, tunatarajia apone. Kilichobadilika ni maarifa: dawa ya kulainisha mapafu, hewa inayosukumwa polepole kupitia puani, na sindano anayochomwa mama kabla hajajifungua ili mapafu ya mtoto yakomae haraka.

Bado mahali mtoto anapozaliwa pana uzito mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi maskini zaidi ya asilimia 90 ya watoto wanaozaliwa kabla ya wiki 28 hufariki ndani ya siku chache, wakati katika nchi tajiri wanaofariki hawafiki asilimia 10.

Lakini moja ya tiba kubwa kwa njiti haikutoka kwenye mashine. Mwaka 1978 huko Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria, akiwa na wodi iliyojaa na vitanda vya joto vichache (vile ambavyo wengi wetu tunaviita chupa), aliwataka akina mama wawabebe watoto wao kifuani, ngozi kwa ngozi. Ndio mwanzo wa kangaroo. Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambapo kwetu ulifanyika Muhimbili. Watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walifariki wachache kwa asilimia 25 kuliko wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likaelekeza kangaroo ianze mara tu baada ya kuzaliwa, kwa saa 8 hadi 24 kwa siku. Tiba hii mama anarudi nayo nyumbani.

Kuruhusiwa kuna maana gani?

Daktari akisema mnaweza kwenda, ana maana mtoto anapumua mwenyewe bila kusahau, anashika joto, ananyonya au anakunywa kwa kikombe, na uzito unapanda. Hana maana kwamba sasa yuko sawa na mtoto wa wiki 40. Hospitali imeona tu kwamba kazi iliyobaki mnaweza kuifanya ninyi, kwa sharti la kurudi mnapoitwa.

Kabla hamjatoka, ulizeni mambo matano na muyaandike kwenye simu: tarehe ya kurudi, uzito wa leo, dawa zipi anywe na kwa kiasi gani, macho na masikio yatapimwa lini, na usiku mkipata shida muende wapi. Wengi huandikiwa matone ya madini ya chuma na vitamini D. Msiyaache kwa sababu mtoto "anaonekana mzima".

Joto

Njiti hupoteza joto haraka, hata Dar es Salaam ya mwezi Januari. Nyumbani endeleeni na kangaroo. Mtoto avae nepi, kofia na soksi tu, awekwe wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua, miguu imekunjwa kama ya chura. Kichwa kigeukie upande na kiinuke kidogo ili koo lisibanwe. Kisha mfungeni kwa khanga, ikaze vizuri, ndipo nguo ya mama ije juu. Mama akilala, aegemee mito badala ya kulala chali kabisa. Akichoka, baba, bibi au shangazi ampokee, kwa kuwa kifua cha yeyote mwenye afya kinafaa. Mnaendelea hadi mtoto mwenyewe aanze kujipindapinda na kukataa, mara nyingi akikaribia kilo 2.5.

Akilala peke yake, alale chali. Tena nawaomba sana, msiingize jiko la mkaa chumbani ili kumpa joto. Mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeua familia nzima usingizini. Chupa ya maji ya moto nayo humuunguza mtoto ambaye ngozi yake ni laini kama yai lililomenywa.

Kuogesha kila siku si lazima. Mfuteni kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, upesi, mlango umefungwa, kisha arudi kifuani.

Maziwa

Maziwa ya mama aliyejifungua kabla ya wakati yanamfaa mtoto wake na yanamkinga utumbo. Mtoto wa kawaida hulia akiwa na njaa. Njiti anaweza kulala tu huku sukari inashuka, kwa hiyo usingoje alie. Mwamshe kila baada ya saa mbili hadi tatu, usiku na mchana. Akichoka kunyonya, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo kilichochemshwa. Kikombe ni rahisi kusafisha kuliko chupa ya kunyonyea.

Najua nyumbani kuna ushauri mwingi. Mmoja atasema apewe maji kidogo, mwingine dawa ya mchango, mwingine uji mwepesi ili "ashike nguvu". Tumbo lake haliwezi hivyo vitu, na kila kinachoingia badala ya maziwa kinampunguzia chakula na kumletea vijidudu. Mtoto akidhoofika na mtu akasema ana kimeo au meno ya plastiki, msimpeleke kukatwa. Kidonda kile kwa njiti kinaweza kuwa mlango wa kifo. Mpelekeni hospitali.

Wageni na mikono

Kwetu mtoto akizaliwa watu huja kumwona, na ni desturi nzuri. Lakini mafua yanayomsumbua mtu mzima siku tatu yanaweza kumrudisha njiti kwenye oksijeni. Wekeni ndoo ya maji na sabuni mlangoni. Mwenye kikohozi amwone siku nyingine, na busu zisubiri. Ikiwa unaona aibu kumwambia shangazi, sema daktari amekataza. Na moshi, wa sigara au wa kuni, ukae mbali na mtoto.

Msingoje asubuhi

Mrudisheni hospitali mara moja mkiona mojawapo ya haya: amekataa kunyonya au ananyonya nusu ya kawaida yake, amelegea, haamki hata mkimgusa, anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, anakoroma, au mbavu zinazama ndani akivuta hewa, anaacha kupumua au midomo inageuka rangi, mwili una joto la nyuzi 37.5 au zaidi, mwili ni wa baridi na haupati joto hata baada ya kangaroo, degedege, umanjano uliofika viganjani au nyayoni, tumbo limejaa na anatapika, kitovu kina usaha. Njieni abaki kifuani, na jaribuni kumnyonyesha.

Kwa njiti saa chache ni muda mrefu. Familia nyingi hupoteza saa hizo zikimsubiri mzee wa nyumba arudi, au zikitafuta nauli. Kubalianeni leo nani anaamua, na wekeni nauli pembeni.

Macho hayangoji

Nyuma ya jicho la njiti mishipa ya damu bado inakua. Kwa baadhi, hasa waliozaliwa wadogo sana na waliokaa kwenye oksijeni muda mrefu, mishipa hiyo hukua vibaya na kuvuta pazia la ndani ya jicho hadi mtoto akapofuka. Mwanamuziki Stevie Wonder, aliyezaliwa Marekani mwaka 1950 kabla ya wakati, alipoteza uwezo wa kuona kwa sababu hii akiwa bado mchanga.

Ukimtazama mtoto usoni huoni chochote. Macho ni mazuri, anafumba na kufumbua. Siku mzazi anapogundua kuwa mtoto hafuati mwanga, mara nyingi nafasi ya kutibu imeshapita. Kipimo kinatakiwa kufanyika takriban wiki nne baada ya kuzaliwa, na kikirudiwa kama daktari atakavyosema. Tatizo likionekana mapema, hutibiwa kwa mionzi ya leza au sindano. Ikiwa mtoto wako alizaliwa kabla ya wiki 34 au chini ya kilo 2 na hakuna aliyekutajia macho, uliza wewe, tena wiki hii. Masikio nayo yapimwe.

Umri wake ni upi?

Swali hili huwaumiza wazazi wengi bila sababu. Mtoto wa jirani amekaa, wako bado. Mtoto wa dada ametambaa, wako bado. Kabla hujalia, fanya hesabu. Mtoto aliyezaliwa wiki 32 alikuja wiki 8 mapema, yaani kama miezi miwili. Akitimiza miezi sita tangu azaliwe, kwa upande wa ukuaji mpime kama mtoto wa miezi minne. Hesabu hii itumike hadi afikishe miaka miwili.

Chanjo hazifuati hesabu hiyo. Zenyewe huhesabiwa tangu siku aliyozaliwa, zile za wiki ya 6, 10 na 14 zikiwemo, hata kama bado ni mdogo. Muuguzi akiona sababu ya kusogeza chanjo fulani atakwambia. Na swali la lini aanze chakula kingine zaidi ya maziwa lipelekeni kliniki, msiliamulie sebuleni.

Miaka ya mbele

Je, atakuwa mzima? Walio wengi, hasa waliozaliwa baada ya wiki 32, hukua, husoma na hufanya kazi kama wenzao. Kadiri mtoto alivyozaliwa mapema zaidi, ndivyo hatari inavyopanda ya mtindio wa ubongo, upungufu wa kuona au kusikia, kuchelewa kuongea, kutotulia darasani, na kifua kubana mara kwa mara. Ukubwani pia ni vizuri apime shinikizo la damu, kwa kuwa waliozaliwa njiti huwa nalo zaidi kidogo kuliko wengine.

Hatari siyo hukumu. Ubongo wa mtoto mdogo hujifunza upesi, na mazoezi ya viungo yakianza mapema hubadilisha mengi. Kwa hesabu ile ya umri, mpeleke akaonwe ikiwa kufikia miezi minne shingo bado haijakaza, kufikia miezi tisa hajakaa mwenyewe, miguu imekakamaa na kupishana kama mkasi, au anatumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka. Usikubali kuambiwa "atakua tu" miezi inapita. Wala msimfiche ndani kwa kuogopa maneno ya watu. Anayefichwa hapelekwi kliniki.

Akifika umri wa shule, mwambieni mwalimu kuwa alizaliwa njiti. Akichelewa kushika herufi au asipotulia, mwalimu ajue pa kuanzia badala ya kushika fimbo.

Mama hawezi peke yake

Kumbeba mtoto kifuani saa 20 na kumlisha kila saa tatu hakuwezekani kwa mtu ambaye pia anapika, anafua na anachota maji. Wanawake wengi huacha kangaroo nyumbani kwa sababu ya sufuria, si kwa uvivu. Baba, ukishika sufuria au ukimbeba mtoto, umetoa dawa. Bibi ukifua nepi, umetoa dawa. Na mkiona mama halali hata akipewa nafasi, analia kila siku au hataki kumshika mtoto, msimseme. Mpelekeni naye akaonwe.

Kwa walioajiriwa, mwaka 2025 Tanzania ilirekebisha sheria za kazi ili mama aliyejifungua njiti aongezewe likizo. Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi yake ni miongoni mwa waliolipigania jambo hili miaka mingi. Nenda kwa afisa utumishi na cheti cha hospitali, uulize siku zako zinahesabiwaje. Mama ntilie na muuza mbogamboga hawana wa kuwapa likizo. Likizo yao ni sisi, majirani na ndugu. Badala ya kuleta doti ya kitenge, leteni mkaa, mchele na nauli ya kliniki.

Na mama uliyewahi kujifungua njiti, mimba ijayo wahi kliniki kabla ya wiki 12 na useme mapema kilichotokea. Ukisikia maumivu ya kuja na kuondoka, maji yakivuja au ukiona damu kabla ya wakati, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ile sindano ya mapafu hufanya kazi mtoto akiwa bado tumboni.

Kama unasoma haya na una njiti ndani, fungua kadi ya kliniki uone tarehe ya kurudi. Ikiwa imeshapita, nendeni kesho asubuhi. Hata ukigombezwa mapokezi, vumilia ukae kwenye foleni mpaka mtoto apimwe.

Juma lijalo: mtoto anayekataa chakula baada ya mwaka mmoja, na kwa nini kumkaba si suluhisho.